Pipa la Kepler

Mwaka 1613 zabibu zilizaa sana Austria, na mapipa ya mvinyo yakashushwa kwa mashua katika mto Danube hadi mji wa Linz, bei zikiwa nafuu. Johannes Kepler, mwanahisabati wa jimbo, alikuwa ndiyo kwanza ameoa tena mwezi wa Oktoba baada ya kufiwa na mke wake wa kwanza. Nyumba haikosi mvinyo huko, akanunua mapipa kadhaa. Siku chache baadaye muuzaji akaja kuyapima. Hakumimina hata tone. Alitia fimbo yenye alama kwenye tundu lililo katikati ya tumbo la pipa, akaielekeza kimshazari mpaka ncha ikagota chini kabisa, pale ubao wa ubavuni unapokutana na kitako. Akaigeuza upande wa pili kuhakikisha. Kisha akasoma alama, akataja kiasi na bei. Pipa la pili, fimbo ile ile. La tatu, vivyo hivyo.

Kepler alishangaa. Alijua kuwa kwenye mto Rhine watu walihangaika zaidi, hata kumimina mvinyo na kuuhesabu mtungi kwa mtungi. Huyu wa Linz hakuuliza kama pipa ni nene au jembamba.

Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Kepler alimnasa tapeli. Ukweli ni mtamu kuliko hivyo. Alikwenda kukokotoa akiwa na shaka, akarudi akimtetea muuzaji.

Shaka yenyewe ilikuwa na msingi. Tuchukue pipa lililonyooka kama debe la duara, tusahau tumbo lake kwa muda, na fimbo iingie sentimita 100. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa sentimita 183 litaipa fimbo kipimo hicho, nalo linabeba lita 230 hivi. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 80 na urefu wa sentimita 120 litaipa fimbo kipimo hicho hicho, lakini linabeba lita 603. Anayelipa kwa kutazama fimbo peke yake anaweza kulipia mara mbili na nusu ya mvinyo alioupata.

Sasa tazama pipa hilo la pili. Kutoka katikati hadi kitako ni 60, kipenyo ni 80, fimbo ni 100: ile pembetatu ya tatu, nne, tano inayojulikana na kila aliyepita darasa la Pythagoras. Nalo ndilo pipa la Austria. Mafundi wa mapipa wa huko walikuwa na kanuni ya kurithishana: nusu kipenyo cha kitako iwe theluthi moja ya urefu wa ubao. Kepler akajiuliza ni pipa gani, kati ya yote yenye fimbo ya urefu mmoja, linalobeba mvinyo mwingi kuliko mengine. Akathibitisha kwamba ni lile ambalo urefu wake ni kipenyo mara kipeuo cha pili cha mbili, yaani mara 1.41 hivi. Mafundi walikuwa wakitumia 1.5. Kwa fimbo yetu ya sentimita 100, kanuni yao ilikosa kilele, yaani ujazo mkubwa kabisa, kwa chini ya lita mbili katika lita 600. Hakuna aliyewafundisha jiometri.

Na hapo ndipo alipoona jambo lililo kubwa kuliko mvinyo wenyewe. Fundi akiteleza, kipenyo kikawa 84 badala ya 80 kwa fimbo ile ile, ujazo unabaki lita 601. Kikipungua hadi 76, bado ni lita 590. Karibu na kilele, kosa la mkono halionekani kwenye ujazo. Ukisogea mbali ndipo hasara inapoanza kuuma. Kwa hiyo fimbo ilikuwa ya kuaminika Austria, mahali ambapo mapipa yote yalichongwa karibu na kilele, na isingefaa kwa mapipa yenye umbo jingine. Wazo hilo la kwamba mabadiliko hufifia ukikaribia kilele ndilo mwanahisabati Fermat alilolijengea kanuni miaka ya baadaye, na liko ndani ya kalkulasi, hisabati ya mabadiliko, aliyoitangaza Leibniz mwaka 1684.

Kitabu kilitoka Linz mwaka 1615, kwa Kilatini: Nova stereometria doliorum vinariorum, yaani jiometri mpya ya mapipa ya mvinyo. Ndani yake Kepler hakuishia kwenye mapipa. Alizungusha mikato ya duara na ya koni, akapata maumbo zaidi ya 90, mengine akayapa majina ya matunda: hili tufaha, hili limau. Ujazo wake aliutafuta kwa kuyakata vipande vyembamba visivyohesabika na kuvijumlisha, njia ambayo wenzake wenye msimamo mkali waliilaumu kwa kukosa uthibitisho kamili. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, ila njia ilikuwa sahihi.

Asidhani mtu kwamba hii ilikuwa ajabu ya mtu mmoja. Nchi za Wajerumani za enzi hiyo zilijaa vitabu vya namna hii, vilivyochunguza kwa makini kitu kidogo kimoja. Kepler mwenyewe, mwaka 1611, alimpa mfadhili wake zawadi ya mwaka mpya kijitabu cha kurasa 24 kuhusu kwa nini chembe ya theluji ina pembe sita. Mwaka 1652 madaktari wanne wa mji wa Schweinfurt walianzisha chuo cha wadadisi wa maumbile ambacho kila mwanachama alitakiwa achague mmea, mnyama au madini, aandike yote yajulikanayo kukihusu. Ndivyo alivyopatikana daktari Christian Franz Paullini, aliyeandika juu ya punda, sungura, chura na mkunga, na mwaka 1696 akatoa kitabu cha tiba kwa kinyesi na mkojo. Baadaye, kuanzia mwaka 1765, mchungaji Jacob Christian Schäffer wa Regensburg alichapisha vitabu vyenye vipande halisi vya karatasi alizotengeneza kwa viota vya nyigu, viazi na vinginevyo, kwa sababu matambara ya kutengenezea karatasi yalikuwa adimu.

Si vyote vilivyozaa matunda. Cha Paullini hunichekesha tu. Lakini nikiulizwa kimoja cha kuokoa maktaba ikiwaka moto, nitachukua pipa, tena toleo la Kijerumani la mwaka 1616. Kepler alilifupisha na kuliandika upya kwa ajili ya wasiojua Kilatini, watu wa sokoni, akiwa na matumaini kwamba wapima mvinyo wenyewe wangelisoma.