Gari Limekamatwa, Hesabu Bado

Jijini Kampala, kuanzia Kibuye hadi Kabalagala na kuteremka Ggaba, mwenye gari aliyebanwa na ada za shule au matibabu anaweza kupata mkopo wa haraka kwa kuweka logbuku rehani. Siku deni linapomshinda na gari likachukuliwa, mabishano huzunguka swali moja: walikuwa na haki ya kulichukua? Ni swali halali, ila mara nyingi mdaiwa hushindwa nalo, kwa sababu mkataba aliousaini ulimruhusu mkopeshaji kufanya hivyo. Swali lenye fedha ndani yake ni jingine, nalo huulizwa mara chache: akishalichukua, anatakiwa kutoa hesabu gani? Naamini haki kubwa ya mwenye gari iko hapo, si kwenye purukushani za getini.

Uganda ina Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 2014. Msingi wake ni kwamba anayeshika dhamana hashiki gari, anashika haki ya kulipwa kutokana na gari. Tuseme deni lililobaki ni shilingi milioni 6, gari likauzwa milioni 14, na gharama halali za kulikamata na kuliuza zikafika laki 5. Mkopeshaji anachukua milioni 6 na nusu. Milioni 7 na nusu zinazobaki ni za mwenye gari. Mkopeshaji anayeliendesha mwenyewe, au anayemuuzia shemeji yake kwa bei ya kutupa, amevuka haki yake hata kama ukamataji ulikuwa halali kabisa. Sheria hiyohiyo iliweka daftari la mtandaoni chini ya ofisi ya usajili ya serikali (URSB), ambako dhamana husajiliwa ili itambulike mbele ya watu wengine. Kati ya wawili wenyewe, hata hivyo, kutosajiliwa hakufuti deni, na wanaodhani vinginevyo hujidanganya.

Wakopeshaji wajanja wanalijua hilo la hesabu, na ndiyo maana baadhi yao hawaandiki mkopo kabisa. Humsainisha mteja mkataba wa mauzo ya gari pamoja na fomu ya kuhamisha umiliki isiyo na tarehe, ili siku akichelewa aambiwe kwamba aliuza, na aliyeuza hadai ziada. Watasema ni mtu mzima, alisoma akasaini. Jibu ni kwamba sheria ya 2019 inatazama kiini cha makubaliano, si jina lililoandikwa juu ya karatasi: mali ikitolewa ili kuhakikisha deni linalipwa, hiyo ni dhamana. Hapo ushahidi mdogo mdogo huwa na uzito. Kwa nini “muuzaji” aliendelea kuliendesha gari? Kwa nini bei ilikuwa nusu ya bei ya soko, na kwa nini kila mwezi alimtumia “mnunuzi” pesa kwa simu? Ujumbe wa malipo hayo usifutwe.

Pingamizi zito zaidi linahusu gharama. Mkopeshaji akilazimika kwenda mahakamani kwa kila deni bovu, riba itapanda na mwenye kipato kidogo atakosa mkopo. Nakubali. Lakini hakuna anayedai kila gari lipitie kwa hakimu. Kinachodaiwa ni taarifa, uuzaji wa haki na hesabu ya maandishi, mambo ambayo mkopeshaji mwaminifu huyafanya kwa gharama ndogo. Hata ruhusa ya mkataba ina mpaka: ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inamlinda mtu dhidi ya kuingiliwa isivyo halali katika makazi yake, kwa hiyo kuruka ukuta usiku au kuvunja geti hakugeuki kuwa halali kwa sababu kuna deni. Na askari polisi si mkusanyaji wa madeni ya kiraia, ingawa wapo wanaokodiwa kana kwamba ndivyo.

Bodaboda wa kulipia kidogo kidogo wako mahali pagumu zaidi, kwani pikipiki hubaki mali ya kampuni hadi awamu ya mwisho. Kwa hoja hiyo, dereva aliyelipa miezi 20 kati ya 24 anaweza kunyang’anywa akiwa hana ziada ya kudai. Uingereza ililikabili jambo hili mwaka 1938, mbunge Ellen Wilkinson alipopitisha sheria kwamba mteja akishalipa theluthi moja, chombo hakichukuliwi bila mahakama. Kampuni ikikaidi, mkataba unakufa na mteja anarudishiwa alicholipa. Kenya iliweka kizuizi cha namna hiyo kwa aliyelipa theluthi mbili. Huku kwetu mkataba wa aina hii upimwe kwanza kwa Sheria ya Ununuzi wa Kukodi ya 2009, kabla ya dereva kukubali kwamba hana lake.

Ziada isiyozidi shilingi milioni 10 inaweza kudaiwa kwa utaratibu wa madai madogo wa mahakama za mahakimu, bila kuhitaji wakili. Mdai aanze na barua ya kudai hesabu: gari limeuzwa lini, kwa nani, kwa bei gani, na gharama zenye risiti ni zipi. Zaidi ya kiwango hicho ni kesi ya kawaida, ndefu, na kufikia hukumu gari huenda lina mwenyewe mpya. Kinachobaki kupiganiwa ni fedha.