Mfupa una saa zake: Kuwahi matibabu kunavyookoa mguu, mgongo na riziki ya familia

Na Mwandishi Wetu, Geita

Kwa miaka mingi mgonjwa aliyevunjika paja huko Nkome, kata iliyo kando ya Ziwa Victoria katika Halmashauri ya Wilaya ya Geita, alipopewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, safari yake mara nyingi ilikuwa na kituo kimoja: Busisi. Hapo gari la wagonjwa lilisimama likisubiri kivuko. Tangu tarehe 19 Juni, 2025, lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, kizuizi hicho kimeondoka.

Hata hivyo, daraja humfaa mgonjwa aliyekwisha kuanza safari. Halimsaidii aliyelazwa nyumbani wiki mbili, mguu ukiwa umekazwa kwa vijiti, huku ndugu wakisubiri uvimbe ushuke. Katika tiba ya mifupa, viungo na uti wa mgongo, muda ni sehemu ya dawa. Kila tatizo lina muda wake: lipo linalohesabiwa kwa saa, lipo la wiki, lipo la miezi. Makala haya yanaeleza muda huo, ili mwananchi ajue ni wakati gani wa kukimbia na ni wakati gani wa kuvuta subira.

Ngazi za rufaa

Huduma za mifupa hutolewa kwa ngazi. Zahanati na kituo cha afya humtuliza majeruhi, humzuia damu, humpa dawa ya maumivu na kumfunga gango. Hospitali ya wilaya, ambayo kwa wananchi wa Nkome ni ile iliyopo Nzera, hupokea rufaa za mwanzo. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Geita, kisha hospitali za kanda, zikiwemo Bugando, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1971, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato. Ngazi ya juu kabisa ni Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996.

Mwananchi hana sababu ya kuiruka ngazi ya kwanza akidhani anaokoa muda. Gango lililofungwa vizuri kituoni huzuia ncha za mfupa zisiendelee kukata mishipa ya damu na fahamu wakati gari likipita katika barabara yenye mashimo. Aidha, barua ya rufaa humweleza daktari wa ngazi inayofuata ni dawa gani zimekwisha kutolewa na saa ngapi.

Yanayohesabiwa kwa saa

La kwanza ni mvunjiko wenye jeraha, yaani mfupa uliovunjika na ngozi juu yake ikapasuka. Huo ndio mvunjiko wa ajali nyingi za bodaboda, hasa kwenye mfupa wa muundi, ambao umefunikwa na nyama kidogo tu. Vumbi, mchanga na vijidudu huingia hadi kwenye mfupa. Dawa ya kuua bakteria inatakiwa itolewe mapema iwezekanavyo, ikibidi ndani ya saa moja, pamoja na kinga ya pepopunda. Baadaye jeraha huoshwa kwa maji mengi safi katika chumba cha upasuaji na nyama iliyokufa huondolewa. Maambukizi yakishakita ndani ya mfupa, mgonjwa anaweza kutoka usaha kwa miaka, akifanyiwa upasuaji mmoja baada ya mwingine.

La pili ni mgandamizo wa misuli. Mguu au mkono uliovunjika huvimba kwa ndani. Ukifungwa kwa kukazwa sana, iwe kwa hogo au kwa vijiti na kamba, shinikizo huzidi nguvu ya damu na misuli hukosa chakula. Baada ya takribani saa 6 bila damu ya kutosha, misuli huanza kufa. Dalili zake ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha, maumivu yanayozidi vidole vinaponyooshwa, ganzi, na baadaye vidole kuwa baridi. Mgonjwa wa namna hii hahitaji kuambiwa avumilie. Anahitaji kufunguliwa alichofungwa na kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Hapa inafaa kusema jambo kwa heshima. Katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa wapo wazee wenye ujuzi wa kuunga mifupa, na jamii huwaamini kwa sababu mivunjiko mingine hupona mikononi mwao. Mfupa, kwa maumbile yake, hujiunga wenyewe ukitulizwa. Lakini macho hayaoni kama vipande vimekaa sawa. Picha ya eksirei ndiyo huonesha. Nao mkazo wa kamba haujui kiasi cha uvimbe utakaokuja usiku. Familia nyingi zilizokuja kukatiwa jamaa yao kiungo hazikupungukiwa na upendo. Zilipungukiwa na habari hii.

La tatu ni jeraha la uti wa mgongo. Mkoa wa Geita ni mkoa wa dhahabu, na mbali na mgodi mkubwa uliopo mjini Geita, maelfu ya wananchi huishi kwa uchimbaji mdogo. Kifusi kinapomwangukia mchimbaji, au anapoanguka ndani ya duara, pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika bila uti wenyewe, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu, kukatika. Madhara ya kudumu wakati mwingine hutokea baadaye, pale waokoaji wenye nia njema wanapomwinua kwa kumshika kwapani na miguuni, au kumketisha kwenye pikipiki.

Kama hakuna hatari ya kifusi kingine, asisogezwe mpaka wapatikane watu wa kutosha. Kichwa, shingo na kiwiliwili vigeuzwe kwa pamoja kama gogo moja, kisha alazwe juu ya kitu kigumu na kilichonyooka: ubao, mlango uliong'olewa au machela. Kwa uokoaji, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 bila malipo. Kwa wavuvi wa Nkome na visiwa vya jirani kanuni ni hiyo hiyo: aliyeanguka kwenye mtumbwi na kuumia shingo alazwe juu ya ubao kabla ya kuvushwa.

Kuhusu Fomu ya Polisi Namba 3, ambayo wengi huijua kama PF3, ieleweke kuwa hiyo ni nyaraka ya ushahidi. Ndugu mmoja anaweza kuifuatilia kituo cha polisi wakati majeruhi yuko njiani kwenda hospitali. Fomu husubiri, damu haisubiri.

Yanayohesabiwa kwa wiki

Mvunjiko wa paja usio na jeraha kwa nje huwadanganya wengi kwa kuwa hauoneshi damu. Ukweli ni kwamba paja lililovunjika linaweza kuficha zaidi ya lita moja ya damu ndani ya misuli. Zamani tiba iliyozoeleka ilikuwa mvuto: mgonjwa hulala kitandani, mguu ukivutwa kwa uzito, kwa wiki 6 hadi 12. Kwa mvuvi, mkulima au dereva mwenye familia, hiyo ni robo ya mwaka bila kipato, tena kukiwa na hatari ya vidonda vya mgongo, damu kuganda na mfupa kuunga ukiwa mfupi.

Leo madaktari bingwa hupitisha chuma ndani ya uwazi wa mfupa na kukifunga kwa skrubu juu na chini.  Kwa kawaida chuma hicho huhitaji mashine ya eksirei inayopiga picha wakati upasuaji ukiendelea, lakini upo mfumo uliobuniwa kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine hiyo. Ulianzishwa na shirika la SIGN la Richland, jimbo la Washington nchini Marekani, lililoundwa mwaka 1999, na hutumia kielekezi cha nje kumwonesha daktari tundu la skrubu lilipo. MOI ni miongoni mwa hospitali zilizoutumia. Mgonjwa huweza kusimama kwa magongo ndani ya siku chache badala ya miezi.

Lakini upasuaji huu huwa mwepesi zaidi ukifanyika mapema. Baada ya wiki tatu au nne misuli imekwisha kuvuta vipande vikapandana, na mfupa mchanga umeanza kujengeka mahali pasipostahili. Daktari hulazimika kuuvunja upya, na mgonjwa hupoteza damu zaidi.

Kundi jingine la wiki ni watoto wachanga waliozaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopindia ndani. Hutokea kwa takribani mtoto 1 kati ya 1,000. Si laana wala kosa la mama. Njia iliyoasisiwa na Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, hunyoosha mguu kwa hogo linalobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 8, kisha mshipa wa kisigino hukatwa kwa tundu dogo. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, karibu muda wote kwa miezi 3 ya mwanzo, halafu usiku tu hadi afikishe miaka 4 au 5. Mzazi anayeviacha viatu hivyo kwa kuwa mguu umenyooka huona mguu ukirudi kupinda. Matibabu huanza vyema katika wiki za kwanza za maisha, mifupa ingali laini.

Yanayohesabiwa kwa miezi

Si kila maumivu ya mgongo huhitaji kisu. Maumivu mengi yatokanayo na kubeba mizigo, kupiga jembe au kuinamia kazi hupungua ndani ya wiki 6 kwa dawa za maumivu, mazoezi na kuendelea na shughuli nyepesi. Kulala kitandani muda mrefu huyazidisha.

Zipo dalili zisizopaswa kusubiri: miguu kupoteza nguvu, kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi sehemu za siri na makalio, au maumivu ya usiku yanayoambatana na homa, jasho na kukonda. Hizi za mwisho zinaweza kuwa za kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo hula pingili polepole hadi mgongo ukatokeza kibyongo na miguu kupooza. Wachimbaji wanaovuta vumbi la miamba wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bila malipo nchini, na tiba ya uti wa mgongo huweza kuchukua hadi mwaka mmoja. Akigundulika mapema, mgonjwa hupona kwa vidonge. Akichelewa, huhitaji upasuaji wa kuondoa usaha na kuuimarisha mgongo kwa vyuma.

Kwa viungo, kijana mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa, anaweza kuharibika kichwa cha mfupa wa nyonga kwa kukosa damu. Akianza kuchechemea au kuumwa kinena, apelekwe apigwe picha kabla kichwa hicho hakijabomoka. Kikishabomoka, suluhisho hubaki kubadilishiwa nyonga, upasuaji ambao sasa hufanyika hapa nchini. Wazee walioumia nyonga kwa kuteleza nao wasiachwe kitandani kwa hoja ya umri. Kinachowaua mara nyingi ni kulala.

Gharama na baada ya upasuaji

Gharama ndiyo sababu inayotajwa mara nyingi na waliochelewa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, imewekwa ili familia isilazimike kuuza ng'ombe au mtumbwi siku ya ajali. Bima hukatwa mtu akiwa mzima. Aliyefika hospitali bila uwezo aombe kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo.

Upasuaji nao haumalizi kazi. Mguu uliowekewa chuma usipofanyishwa mazoezi, goti hukakamaa. Kidonda kinachotoa usaha, homa au maumivu yanayorudi ni sababu ya kurejea hospitali kabla ya tarehe ya kliniki. Uvutaji wa sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Barabara, daraja na hospitali vimefupisha njia kati ya Nkome na chumba cha upasuaji. Kipande kilichobaki kipo nyumbani, katika uamuzi wa saa ya kwanza: kumlaza majeruhi vizuri, kumtuliza kwa gango lisilokaza, kumfikisha kituo cha afya kilicho karibu, na kukubali rufaa inapotolewa. Mfupa ukiwahiwa huunga, na mwenye nao hurudi ziwani, shambani au mgodini kuendelea na kazi.