Mpira Unavuta kwa Nguvu Gani? Maneno machache juu ya vitu vyororo



Mwaka jana, katika somo la fizika, mseminari mmoja aliniuliza swali, nami nikalijibu vibaya. Alikuwa ameshika kipande cha mpira kilichokatwa katika gurudumu la kinga, namna ile watoto wanayoifunga kwenye manati. Akasema: «Padri, ukivuta mpira huu kwa haraka na kuugusisha mdomoni, unasikia umepata moto. Ukiuachilia kwa ghafula, unasikia baridi. Moto ule unatoka wapi, na kiisha unakwenda wapi?» Nilimwambia ni juu ya msuguano. Darasa lilinyamaza kwa heshima. Lakini usiku nilijiuliza: msuguano utaletaje baridi? Makala hii ni jibu langu la pili.

Kwanza mjaribu wenyewe, maana jambo hili halitaki vyombo vya gharama. Tafuteni kipande cha mpira kipana, mkivute upesi, mkiguse kwa mdomo wa juu. Kingojeni kidogo hali kimevutwa, mpaka joto lipotee. Kiisha mkilegeze, mkiguse tena.

Aliyeandika juu ya jambo hili mwanzoni alikuwa kipofu. Jina lake John Gough, mtu wa Kendal katika Uingereza. Ndui ilimpofusha angali mtoto. Asiyeona hujifunza kwa vidole na kwa midomo, na midomo yake ndiyo iliyomwonyesha jambo ambalo wenye macho walikuwa hawajaliangalia. Katika maandiko yake ya mwaka 1805 alisema tena neno la ajabu zaidi: ukitundika kitu kizito kwenye mpira, kiisha ukautia moto, mpira haurefuki kama chuma, bali unafupika na kukiinua kile kitu. Mwaka 1859 Joule, fundi mkubwa wa mambo ya joto, alitoa vipimo vyake, navyo vilimkubali Gough.

Kwa nini basi? Watu walikaa miaka zaidi ya 70 bila jibu, kwa sababu hawakujua mpira umetengenezwa namna gani. Mwaka 1920 Mdachi Hermann Staudinger alisema kwamba mpira ni minyororo mirefu mno: kiungo kimoja kina atomu 5 za kaboni na 8 za hidrojeni, na viungo hivyo vinafuatana maelfu kwa maelfu. Wenye elimu wenzake wengi walikataa. Waliona ni vitu vidogo vilivyorundikana tu. Yeye hakuacha, na mwaka 1953, akiwa mzee, alipewa Tuzo la Nobel.

Sasa wapangeni watoto 50 kwa mstari uwanjani, washikane mikono, ngoma ipigwe, kila mmoja acheze apendavyo. Hakuna hata mmoja anayetaka kuvuta mstari. Lakini muwatazame mtoto wa kwanza na wa mwisho: punde wamekaribiana. Sababu ni hii: namna za mstari kujipinda hazihesabiki, na namna ya kunyoka ni moja tu. Ukiwashika wale wawili wa mwisho, mmoja huku na mmoja huku, ukawatenga, utasikia mikononi mwako kwamba mstari unakuvuta. Ngoma ikizidi, mvuto unazidi.

Ngoma hiyo ndiyo joto. Mnyororo wa mpira hauna hamu ya kuwa mfupi. Unachezacheza tu, na kwa kuchezacheza unafupika. Ndiyo maana ukiutia moto unavuta kwa nguvu zaidi. Tena unapounyosha, kazi ya mikono yako haiwekwi akiba ndani ya viungo, kama inavyowekwa katika springi ya chuma. Karibu yote inageuka kuwa moto, na mdomo unausikia. Ukiulegeza pole pole huku unaushika, mpira ndio unaofanya kazi, nao unailipa kwa joto lake mwenyewe: unapoa. Basi, mseminari wangu alikuwa na haki, na mimi nilikosa.

Tunaweza hata kuhesabu. Mlevi asiyejua njia, akipiga hatua 100, kila hatua upande wowote, kwa kadiri utamkuta mbali kiasi cha hatua 10 tu kutoka alipoanza, kwa maana 10 mara 10 ni 100. Mnyororo nao ni vivyo hivyo: wenye hatua 100 umejikunja katika nafasi ya hatua 10, kwa hiyo waweza kunyoka mara 10 kabla ya kufika mwisho wake. Chuma hakiwezi hata kidogo.

Lakini minyororo peke yake haitoshi. Mpira mbichi unakakamaa wakati wa baridi, na wakati wa joto unanata, kwa kuwa minyororo yake inateleza moja juu ya nyingine. Mwaka 1839, katika Marekani, Charles Goodyear aliupika pamoja na kiberiti, si cha kuwashia moto bali ile dawa ya manjano inayoitwa salfa. Salfa inafunga mnyororo na mnyororo kwa mafundo machache. Gramu chache katika gramu mia za mpira, na kitu kizima kimebadilika tabia! Hii ndiyo alama ya vitu vyororo: sababu ndogo, badiliko kubwa. Goodyear mwenyewe alikufa mwaka 1860 na madeni mengi.

Tangu Dunlop alipofanya gurudumu la upepo mwaka 1888, dunia ilitaka mpira, na sisi Wakongo tunajua uliofuata. Katika Dola Huru la Kongo, mpaka 1908, watu walilazimishwa kwenda mwituni kukata mitambaazi ya mpira. Wengine walijipaka utomvu mwilini ukauke, kiisha waliubandua pamoja na nywele. Ripoti ya Casement ya mwaka 1904 inasimulia mikono iliyokatwa. Wakati wa vita ya pili ya dunia watu walirudishwa tena mwituni. Waliouleta mpira hawakuambiwa ni kitu gani, wala unafanya kazi namna gani. Mimi naona si vema wajukuu wao wamalize shule bila kuambiwa.

Elimu hiyo moja inatuongoza mpaka katika damu. Chembe nyekundu ni mfuko mwororo, upana wake sehemu 8 za elfu ya milimita, na ngozi yake ni tabaka mbili za mafuta zilizotandikwa juu ya wavu wa nyuzi za protini. Kwa ulaini huo inajikunja na kupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Katika ugonjwa wa SS, kiungo kimoja tu kimebadilika, cha sita katika mnyororo wa 146 wa hemoglobini. Hemoglobini hiyo ikiisha kutoa oksijeni inashikamana, inafanya kamba ngumu, na mfuko unakuwa kama mundu. Haupiti tena, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Maji yakipungua mwilini, kamba zinaota upesi zaidi. Ndiyo sababu waganga wa hospitali wanaagiza mtoto anywe maji mengi. Baba na mama wote wawili wakiwa na alama hiyo bila kuugua, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuzaa mtoto wa SS. Ninyi walimu wa vijijini mnajua nyumba ambamo shangazi ao nyanya amefukuzwa juu ya watoto kama hao. Waelezeni watu habari ya kiungo cha sita.

Neno moja juu ya jua. Mwaka 1977 Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba plastiki nyingine, ikitiwa dawa kidogo, inapitisha umeme. Walipata Tuzo la Nobel mwaka 2000. Kutoka hapo zilizaliwa paneli za jua za plastiki, nyembamba, za kukunjika kama turubali. Katika maabara zimekwisha kupita sehemu 18 za umeme katika 100 za mwangaza. Lakini hewa, maji na jua lenyewe vinaziharibu mapema. Paneli ngumu za kioo tunazoziona juu ya mapaa ya misioni ni za silisiumu, nazo hudumu miaka 20 na zaidi. Mwuzaji akiwaletea ya kukunjika, mwulizeni kwanza imetengenezwa kwa nini, na itadumu miaka mingapi.