Matone ya Dawa Baada ya Kupasuliwa Jicho

Mtu aliyepasuliwa mtoto wa jicho hurudi nyumbani na kichupa kidogo cha dawa, na wengi hukidharau kwa udogo wake, wakidhani kazi imekwisha hospitali. Sivyo.

Katika upasuaji huo daktari hutoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, na kutia nyingine iliyotengenezwa kwa ufundi. Nalo jicho, kama kiungo chochote kilichojeruhiwa, huvimba ndani, likawa jekundu, likauma na kuchukia mwanga. Uvimbe huo usipotulizwa waweza kukusanya maji nyuma ya jicho, mahali pale hasa patuwezeshapo kusoma na kutambua nyuso. Ndipo mtu aliyekwisha kuanza kuona huona ukungu tena.

Dawa ya kuutuliza ni ya jamii ya steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni. Ni ndugu za kortisoni, ambayo uchunguzi wake uliwapatia Kendall, Hench na Reichstein tuzo ya Nobel mwaka 1950.

Mara nyingi hutiwa tone moja mara 4 kwa siku, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa majuma 4 hivi; lakini yafuatwe maagizo ya daktari wako. Nawa mikono kwanza. Prednisoloni hutuama chini, kwa hiyo tikisa kichupa vizuri. Vuta kope la chini, tonesha, na ncha ya kichupa isiguse jicho. Ikiwa iko dawa ya pili, ngoja dakika 5. Wala usiache ghafula kwa kuwa jicho limekuwa jeupe, maana uvimbe huweza kurudi.

Lakini dawa hii ina makali yake. Ikitumiwa pasipo kuangaliwa na daktari yaweza kupandisha presha ya jicho, nayo presha huua mshipa wa kuonea polepole, mara nyingi bila maumivu. Na kilichokufa hapo hakifufuki. Ikitumiwa miezi mingi huweza kuleta mtoto wa jicho, yaani ugonjwa ule ule! Jicho lenye kidonda cha vijidudu nalo huweza kupungua wekundu huku kidonda kikizidi kuchimba. Basi mabaki ya dawa ya babu asitiwe mjukuu anayewashwa macho, hata kama nafuu yaonekana upesi.

Na aliyepasuliwa akiona maumivu yanazidi, au usaha watoka, au macho yafifia, aende hospitali siku iyo hiyo, asingoje tarehe aliyoandikiwa.