Kulipa kwa Kidole Dukani: Tuulize Kwanza Kidole Kinawekwa Wapi

Katika nchi kadhaa kumekuwa na maduka ambapo mteja hatoi noti wala kadi. Anaweka kidole juu ya kioo kidogo, au ananyoosha kiganja, na pesa inatoka katika akaunti yake. Huko China, tangu 2017, kuna mahali ambapo mtu hulipa kwa kutazama kamera tu. Hapa kwetu wengi tunalipa kwa simu na namba ya siri. Lakini tukumbuke jinsi pesa ya simu ilivyoanza 2007, na leo hata mama wa sukuma wiki anapokea malipo kwa simu. Mambo ya pesa hayakawii kufika kijijini, kwa hivyo tuelewane mapema.

Kwanza, mashine inafanya nini? Kwa kawaida inapima mistari ya kidole, pale inapokatika na pale inapogawanyika, halafu inageuza vipimo hivyo kuwa namba. Namba hizo zinawekwa mahali. Ukirudi siku nyingine, mashine inapima tena na kulinganisha. Sasa, hapo kwenye "mahali" ndipo penye kazi. Simu nyingi zinazofunguliwa kwa kidole huweka vipimo ndani ya simu yenyewe, haziwapelekei wengine. Mashine ya dukani ni tofauti. Ili ikutambue katika kila tawi, vipimo vyako lazima viwe kwa kampuni, pamoja na vya maelfu ya watu wengine.

Na kampuni inaweza kufa. Marekani kulikuwa na kampuni moja iliyoitwa Pay By Touch, yenye makao San Francisco. Iliweka mashine za kidole katika maduka ya vyakula, na wateja wakaunganisha vidole vyao na akaunti za benki. Mwisho wa 2007 ikafilisika, na Machi 2008 huduma ikafungwa. Kampuni ikifilisika, wadai hutafuta chochote kinachoweza kuuzwa: meza, magari, kompyuta. Je, na vidole vya wateja? Watu wakaachwa na swali hilo, wakati vidole vyao viko katika mitambo ya kampuni isiyo na pesa. Mwaka huo huo, jimbo la Illinois, lenye mji wa Chicago, likapitisha sheria kali: hakuna kuchukua alama ya mwili wa mtu bila kumweleza kwa maandishi na kupata kibali chake, wala kuiuza. Wabunge wakaeleza sababu ndani ya sheria yenyewe: namba ikiibwa inaweza kubadilishwa, mwili haubadilishwi.

Hiyo ndiyo shida yenyewe. Jirani akiona namba yako ya siri, unaibadilisha jioni hiyo hiyo. Kidole je? Unavyo kumi tu, na ni vya maisha.

Wengine watasema, nani ataiba kidole changu? Twende India. Huko serikali ilianza kutoa namba za Aadhaar mwaka 2010, zikiwa zimeunganishwa na vidole na mboni za macho. Mwanakijiji anaweza kwenda kwa wakala mwenye duka, ataje namba yake, aweke kidole, apate pesa zake. Kwa mzee anayeishi mbali na benki ni msaada mkubwa, hatuwezi kukataa. Lakini wezi wakagundua kwamba alama za vidole ziko pia kwenye hati za mashamba. Mwaka 2018, polisi wa Hyderabad walishika kesi ya mtu aliyenakili alama kutoka hati za ardhi zilizokuwa kwenye tovuti ya serikali, akatengeneza vidole vya mpira na kusajili laini za simu. Baadaye wengine wakatumia ujanja kama huo kutoa pesa za watu, maana kidole na namba ya Aadhaar vilitosha. Ndipo serikali ikaboresha mashine zitambue kidole cha mtu hai, na mwenye kidole anaweza kukifunga kisitumike mpaka akifungue mwenyewe.

Hebu fikirieni ni karatasi ngapi tumezipiga dole gumba hapa kwetu.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa mashine hawapendi kulitaja. Mikono ya jembe, ya kuchuna chai na ya kuponda kokoto huchakaa mistari. Huko India wazee na vibarua wamekataliwa na mashine wakiwa na haki yao kamili. Kwa hivyo duka au ofisi ikisema ni kidole tu, hakuna njia nyingine, hapo tukatae.

Hata Kenya tumeonja kidogo. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin, wakipewa sarafu za kompyuta za kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha kazi hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha hizo zifutwe.

Amri kama hiyo ina msingi, kwa sababu tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Inahesabu alama za mwili kuwa habari nyeti. Una haki ya kuambiwa zinachukuliwa kwa kazi gani, na kuomba zifutwe zikiwa hazihitajiki tena. Kwa hivyo muulize mwenye duka: vinawekwa wapi, kuna namba ya siri juu ya kidole, na nikiacha kununua kwako vitafutwa? Akibabaika, toa pesa taslimu uende zako.

Kwa vikundi tunaongeza hili. Akaunti ya chama isifunguliwe kwa kidole cha mweka hazina peke yake, hata akiwa mwaminifu namna gani. Waweke sahihi watu watatu kama zamani.

Na mtu akikosewa, analalamika kwa Kamishna wa Data. Asiyejua kuandika asiogope: sheria inaruhusu kulalamika kwa mdomo, na ofisi hiyo inapaswa kuyaandika maneno yake.