Fundi wa darasa na laki yake iliyozuiwa

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, utapita Bungu kabla ya kuingia Kibiti mjini. Wengi hapa ni wakulima wa korosho, nazi na mihogo. Msimu ukiisha, baadhi yao hushika mwiko na pima maji, wengine huuza mahindi na maharage mashuleni. Mteja wao anakuwa Serikali, na hapo ndipo manung'uniko dhidi ya watoza kodi yanapoanzia.

Kazi za namna hii ziliongezeka mwaka 2021, Serikali ilipotumia sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka IMF kujenga madarasa 15,000 nchini, kwa Sh milioni 20 kila darasa. Kwa utaratibu unaoitwa fosi akaunti, shule inanunua vifaa na fundi wa mtaani anauza ufundi wake tu.

Fundi mmoja wa Bungu alinieleza kuwa mkataba wake ulikuwa Sh milioni 2, lakini mkononi alipata Sh 1,900,000. "Mwalimu mkuu kala laki yangu," alidai.

Mwalimu hakula. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, anayelipia huduma huzuia asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Lakini huyu fundi hakuambiwa lolote siku ya kusaini.

Anayeiuzia Serikali bidhaa hukatwa asilimia 2 ya malipo yote. Inaonekana ndogo. Tuchukue mfano wa mzabuni aliyepeleka shuleni maharage ya Sh milioni 5. Akitoa bei ya shambani, gari na magunia, anabakiwa na faida ya Sh 250,000. Zuio ni Sh 100,000, yaani faida imemegwa karibu nusu kabla hajalipa riba ya mkopo wake. Malipo yakichelewa miezi mitatu, mtaji wa kununulia mzigo mwingine hana. Kwa maoni yangu, aliyepanga kiwango hicho hajawahi kupakia gunia.

Hata hivyo, fedha hiyo haijapotea. Kodi ya zuio kwa mfanyabiashara ni malipo ya awali, nayo hupunguzwa kwenye kodi yake ya mwaka, mradi awe na cheti cha zuio. Sheria inamtaka aliyekata atoe cheti hicho. Tatizo ni kwamba mlipaji hungoja kuombwa, na fundi hajui kama kuna cha kuomba. Afisa wa kodi akija na makadirio yake, asiye na karatasi analipa mara ya pili.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipochoshwa na mambo ya kodi, walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024, na viongozi wakawasikiliza. Fundi wa Bungu hana mlango wa kufunga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutaja bei, uliza watakata asilimia ngapi. Chukua namba ya mlipa kodi (TIN), hutolewa bure. Siku ya malipo usiondoke bila cheti.

Fundi yule alirudi shuleni kudai cha kwake. Aliambiwa mhasibu yuko Kibiti, arudi Jumatatu.