Wakara wanalima, maji yanapanga bei

Nyumba za Igogo, jijini Mwanza, zimepanda mlima hadi katikati ya mawe, kule gari lisikofika na ndoo ya maji hupandishwa kichwani. Wengi wa wanaohamia milima hii wametoka mashambani kandokando ya ziwa, na tumezoea kuwauliza kwa nini walikimbia jembe. Swali hilo linawaonea. Anayetaka jibu aende Ukara.

Kisiwa hicho kidogo, kaskazini mwa Ukerewe, kimejaa watu kwa muda mrefu, na ardhi haiongezeki. Wakara hawakukaa kulalamika. Tangu kabla ya ukoloni walifuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakalimbika samadi na kuibeba hadi shambani. Walipanda marejea kwenye mashamba ya uwele ili kuurutubisha udongo wa kichanga, wakapanga mawe kuzuia mmomonyoko. Haya ndiyo mabwana shamba wanayohubiri leo kwingineko. Huko Ukara ni desturi ya mababu. Hakuna mwenye haki ya kumwita mkulima huyo mvivu.

Sasa fuata gunia lake la mihogo. Kutoka Bwisya linavuka kwa kivuko hadi Bugolora, linapakiwa kwenye gari hadi Nansio, kisha linasubiri meli ya Mwanza, au linapita Rugezi na kuvuka hadi Kisorya, upande wa Bunda. Kila linaposhushwa kuna wa kulipwa. Kivuko kikikwama, anabaki mlanguzi, na bei anaitaja yeye.

Septemba 20, 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Walijazana kwa sababu siku ya gulio ndiyo siku ya kupata fedha, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa hiyo.

Kivuko kipya kililetwa baadaye. Sengerema nao, tangu Juni 2025, wana Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 za lami juu ya maji yaliyokuwa yakiwalaza watu kwenye foleni. Ukara haiwezi kungoja daraja. Serikali inapopanga ruzuku ya mbolea kwa wakulima wa visiwani, nauli ya gunia nayo iingizwe humo humo.